Marobota ya Kutoka Kharumwa

Kambarage, Shinyanga
16 Februari 2025

Kaka Mihayo,

Shikamoo. Huku kwetu hatujambo. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na anakusalimu wewe, wifi na watoto. Mvua imenyesha mara mbili wiki hii na paa la banda langu halikuvuja. Mama anauliza kama yule mbuzi wake mwenye doa ameshazaa, na kama kaburi la Baba limepaliliwa.

Marobota mawili ya vitambaa uliyompa Nasibu yamefika Ijumaa juu ya fuso lake. Mama ameyafurahia kuliko godoro nililomnunulia mwaka jana. Ameyafungua mwenyewe.

Mpaka hapo nimemsomea. Yanayofuata ni yetu wawili.

Ninakuandikia kwa sababu Mama ameniapisha. Anasema simu zetu anazijua zinavyoanza na zinavyoishia tangu matanga ya Baba, na kwamba mtu akishika kalamu hupata nafasi ya kumeza mate kwanza. Sharti lake ni hili: kila mzigo uje na barua, kila barua ijibiwe, na salamu zote zisomwe mbele yake. Haya, mate nimemeza.

Mimi sikukuomba vitambaa. Mama ndiye aliyekupigia, baada ya kuona ninazunguka kutafuta taka za pamba. Kiwanda cha kuchambua pamba kimefungwa mpaka msimu, na manyoya ya pamba niliyokuwa nikiyazoa sakafuni kwao yamebaki mfuko mmoja.

Najua kwenye vikao vyako unasema dada yako anafuga ukungu. Acha nikueleze mara ya mwisho. Taka za pamba nazipika kwa mvuke kwenye pipa ili kuua vijidudu vya ovyo. Zikipoa nazitandaza kwenye sinia na kupanda kuvu. Kuvu ikiila ile pamba inatoa majimaji yenye vimeng'enya, na majimaji hayo ndiyo yanayolainisha kitambaa kipya na kukitoa wanga wa kiwandani bila tindikali. Kuna kiwanda cha nguo Mwanza kinasubiri madumu yangu ya majaribio mwezi wa sita. Yakikubalika, sitazoa tena sakafu za watu.

Ulichotuma nitakitumia. Asante sikupi, maana najua ulikuwa unatupa.

Eufrasia


Kharumwa
9 Machi 2025

Eufrasia mdogo wangu,

Marahaba. Mama, mwangaluka. Mbuzi wako amezaa mapacha, wote majike. Kaburi la Baba nimelipalilia mwenyewe, sikutuma mtu. Mkweo alikuwa na malaria, sasa anachota maji. Watoto wanaulizia bibi yao kila Jumapili wakitoka kanisani, na mimi nimechoka kuwadanganya. Nasibu anakuja na marobota mengine manne, yapokeeni.

Eufrasia, hapa uache kusoma kwa sauti.

Ndiyo, natupa. Hayo ni mataulo na mablanketi ya kwenye mialo yangu, pale tunapopitisha mchanga uliosagwa na karasha ili dhahabu inase. Yakichakaa tulikuwa tunayachoma. Mwaka huu wakaguzi wamekataza moshi, tena wameahidi kurudi kuangalia uwanja. Nikajiuliza niyapeleke wapi, Mama akapiga simu kusema dada yangu ana kitu kinachokula matambara. Nikasema basi, walau mara moja elimu ya Eufrasia itamfaa mtu wa nyumbani.

Sasa tuje kwenye jambo. Mimi ni mwanamume mwenye nyumba ya vyumba vitano. Mama yangu analala kwa binti yake, ukuta mmoja na sinia za uozo. Wazee hapa wananiuliza nilimkosea nini mama yangu hata akanikimbia, na mimi sina cha kuwajibu, maana hakukimbia, aliibwa. Siku ya kuanua matanga mimi nasindikiza wageni, wewe unampandisha basi na kanga zake kwenye mfuko wa rambo. Hukuniaga wala hukuwaaga wazee. Hayo sijayasahau na sitayasahau.

Pasaka namtaka hapa. Nasibu atampa kiti cha mbele.

Mihayo


Kambarage
6 Aprili 2025

Kaka Mihayo,

Shikamoo. Mama hajambo. Marobota manne tumeyapokea, na amefurahi mno kusikia habari za mapacha. Amesema mmoja aitwe Wema. Tangu vitambaa vyako vije amepata kazi: anakaa kwenye pipa kuchochea moto, wala hataki mtu mwingine aguse kuni. Anasema alikulia kwenye pamba na atazeekea kwenye pamba. Jioni ananiomba nimsomee barua yako tena, ile sehemu ya kaburi la Baba na ile ya watoto. Majirani wamemjua sasa, wanamwita Mama Mihayo.

Sasa sisi wawili.

Kwanza, mablanketi yako nusu ni nailoni, na kuvu haili nailoni. Ungeuliza kabla ya kutuma. Pili, hata yale mataulo ya pamba tupu hayaendi. Ule mfuko mmoja wa manyoya ya kiwandani niliubakiza kwa kulinganishia. Sinia zake zimeota kijani kizuri, majimaji yanatiririka. Sinia za vitambaa vyako zinakaa nyeupe vilevile, siku baada ya siku. Nimebadili maji, nimebadili joto, nimepanda upya mara mbili. Kuvu inagusa pembeni halafu inakufa.

Kwa hiyo nakuuliza kistaarabu: mnavioshea nini kabla ya kuvifunga? Ni sabuni? Ni ile dawa mnayomwagia marudio, ule mchanga mliokwisha kuuchuja? Niambie tu, nijue namna ya kuvisuuza. Mwezi wa sita hauko mbali na madumu yangu hayajajaa hata robo.

Pasaka Mama haji. Sababu ninazo, sikupi.

Kuhusu kuibwa: Mama ana miguu na ana mdomo. Nilimuuliza mlangoni kwako kama anataka kuja, akaingia ndani akachukua kanga. Ungekuwa unakaa naye badala ya kukaa na wafanyabiashara wako wa dhahabu, ungemsikia akisema amechoka na kelele za karasha usiku na mchana.

Eufrasia


Kharumwa
27 Aprili 2025

Eufrasia,

Marahaba. Mama, Pasaka imepita bila wewe. Tulichinja, tukala, kiti chako tulikiacha wazi. Wema anaruka mpaka juu ya kinu. Poleni na mvua.

Wewe soma haya peke yako.

Nasibu amenieleza. Alipowaletea mzigo wa mwisho, Mama alimpa chai, na nusu ya chai ikaishia kwenye kisahani. Kijiko kiligonga kikombe mpaka Nasibu akaona aibu akampokea. Anasema Mama anatema damu akipiga mswaki, na amekuwa mkali kwa vitu vidogo, yeye ambaye hata kuku alikuwa anawafukuza kwa upole. Na wewe ukaniandikia kwamba hajambo. Umeandika kwa mkono wako kwamba hajambo.

Sababu ulizokuwa unaninyima ndizo hizo. Umemfanya mama yetu mgonjwa halafu ukamficha.

Nakwambia kama kaka yako: ni huo ukungu. Mtu mzima wa umri wake, kutwa kuvuta vumbi la kijani, angekuwaje? Ukungu ukiingia kwenye mahindi watu wanakufa, sembuse ukiingia kifuani. Lakini wewe unajiona mtaalamu. Choma sinia zote, choma na hiyo mbegu ya ukungu unayoiweka kwenye friji pamoja na maziwa anayokunywa Mama. Ukishachoma nitajua bado una akili. Usipochoma nitakuja na wazee wa ukoo, tumchukue mchana kweupe, na majirani zako wajue kwa nini.

Marobota hayatakuja tena. Yaliyobaki hapo usiyapike. Yatupe mbali. Usiniulize kwa nini.

Mihayo


Kambarage
18 Mei 2025

Mihayo,

Leo hakuna salamu za kusoma. Mama amelala, na barua yako ya mwisho nilimsomea mpaka kwenye kinu tu. Akauliza: "Na mzigo uko wapi?" Nikamwambia safari hii barua imekuja peke yake.

Nimechoma. Nataka ujue nilivyochoma. Ile mbegu niliitoa mwenyewe kwenye robota la pamba lililooza nyuma ya kiwanda, mwaka ule mvua ilipoingia ghalani. Nimeihamisha kutoka sinia hadi sinia miaka mitatu, mpaka ikawa inakula pamba kuliko kuvu yoyote niliyowahi kuiona maabara. Hakuna mtu mwingine mwenye mbegu hiyo. Niliimwagia mafuta ya taa nyuma ya banda, nikawasha, kwa sababu uliniambia inamuua mama yangu na mimi nikakuamini. Nililia, sikufichi. Kisha nikawapigia Mwanza nikawaambia madumu hayapo.

Mama hakupata nafuu hata kidogo. Sasa hawezi kufunga kifungo. Usiku hapati usingizi, anazunguka uani akinung'unika. Kuvu imekwisha, banda limepigwa chokaa, na mikono inatetemeka kuliko jana.

Ndipo nikakaa nikafikiri kama mtu aliyefundishwa kufikiri. Kuvu ile ilikuwa inaota kwenye manyoya ya kiwandani na kufa kwenye vitambaa vyako. Yenyewe ilishakataa mapema, mimi sikuisikiliza. Mama hakuugua miaka yote niliyofuga kuvu karibu naye. Ameugua baada ya kukaa kwenye pipa linalopika vitambaa vyako. Na wewe, baada ya kusoma kwamba yeye ndiye anayechochea ule moto, ukaacha kuleta na ukaniambia nisipike. Ulikuwa unajua nini wakati unaandika hivyo?

Nimefungua robota lililobaki. Katikati ya mataulo nimekuta vipande vidogo vya kitambaa cheupe, vimesokotwa kama vya kukamulia tui. Hivyo si vya kunasia mchanga. Mlikuwa mnakamua nini?

Daktari anasema hawezi kupima kila kitu duniani. Anataka kujua Mama ameshika nini, ili mkojo wake upelekwe mahali panapohusika na dawa ianze. Swali langu ni moja: vitambaa vile vilikuwa na zebaki? Andika ndiyo au hapana. Ukijibu, Nasibu ananiletea siku hiyohiyo, nimeshaongea naye.

Mengine yote tutagombana baadaye. Hili lijibu.

Eufrasia


Kharumwa
15 Juni 2025

Eufrasia,

Barua yako imechelewa, fuso lilikuwa gereji.

Poleni na ugonjwa. Hapa tunamwombea Mama kila jioni.

Maswali mengine hayaandikwi kwenye karatasi. Mimi nina leseni, wakaguzi wako hapa wiki ya pili wanapekua mpaka mashimo ya choo, na kuna familia nyingi zinakula kupitia mialo yangu. Karatasi ikitoka mkononi mwangu sijui itaishia mezani kwa nani. Vitambaa vya mwaloni ni vitambaa vya mwaloni. Ukanda huu wote unajua ni nini, aliyesoma ni wewe.

Mlete Mama hapa. Nitampeleka hospitali Geita kwa gari langu, na huyo daktari nitaongea naye mwenyewe, mdomo kwa mdomo, mlango ukiwa umefungwa. Haya yote yasingetokea kama angekaa kwa mwanawe wa kiume. Hilo sitaacha kulisema.

Kuhusu mbegu yako, pole.

Mihayo


Kambarage
29 Juni 2025

Mihayo,

Jibu lako halikuhitajika tena lilipofika. Daktari alishalipata kwa Mama mwenyewe.

Tulikuwa wote chumbani kwake hospitali. Daktari aliuliza kwa mara ya tatu, "Mama, umeshika dawa gani?" Mimi nikaanza kueleza habari za vitambaa. Mama akanikatisha, akamgeukia nesi na kusema kwa Kisukuma, taratibu, na nesi akatafsiri. "Mwambie ni zebaki. Nimekaa Kharumwa kwa mwanangu, nimeona vijana wakiikamua kwenye vitambaa vyeupe."

Nikamuuliza alijua lini. Akasema tangu robota la kwanza. Alivitambua vile vipande mara tu alipokata kamba.

Mihayo, nilimgombeza mama yangu mbele ya watu. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza, kwa nini alikaa kwenye lile pipa. Haya ndiyo aliyonijibu, nayaandika kama alivyoyasema:

"Ningekwambia ungevirudisha. Ungevirudisha na matusi, na yeye angekujibu kwa matusi, mngenuniana tena mpaka nife. Miaka miwili hamkusalimiana. Vitambaa vikaja na barua. Nikasikia shikamoo, nikasikia marahaba, nikasikia kaburi la baba yenu limepaliliwa. Nikasema acha vije. Nilidhani ikipikwa inaondoka, kama kule wanavyoichoma mpaka inabaki dhahabu peke yake. Ndiyo maana nilikaa motoni mimi. Sikutaka ukae wewe."

Iliondoka kweli. Ilipanda na mvuke ikaingia kifuani mwake, na mimi nilikuwa hatua chache nikipima joto la sinia.

Dawa ameanza. Daktari anasema fizi zitapona na usingizi utarudi. Mikono itatulia kiasi, kiasi gani hajui. Sijaandika jina lako popote. Usidhani ni kwa ajili yako. Mama amenishika mkono pale pale hospitali akasema nikimtaja mwanawe asinione kaburini kwake.

Nakuchukia, Mihayo, na naliandika hili nikiwa nimemeza mate mengi. Uliniacha nichome kazi yangu ukijua si kuvu iliyomdhuru. Ulikuwa na wiki za kusema neno moja ukachagua leseni. Lakini mimi pia niliandika "hajambo" nikiwa nimeshaona kikombe kinatetemeka, kwa kuogopa tu kwamba ungekuja kumchukua. Tulikuwa tunamvuta huyu upande huu na huyu upande ule, na yeye ndiye aliyechanika.

Sasa sikia lililo kubwa. Hatakuja kwako na hatabaki kwangu. Jumatatu alimwita mama mdogo Violeth kutoka Nkome, na jana wameondoka wote. Nilimpakia nguo zake nikidhani ni wiki moja ya kupunga upepo wa ziwa. Akaniambia niweke na sweta na blanketi zito. Nikamuuliza, "Kwani unarudi lini?" Akasema hilo nikuulize wewe, tukae tujibizane uso kwa uso, tumpelekee jibu moja tukiwa wote wawili. Barua hataki tena. Amesema amezisikiliza za kutosha, na sasa anajua kwamba yote aliyokuwa akisomewa yalikuwa nusu.

Sijui kama naweza kukaa chumba kimoja na wewe. Nakwambia ukweli, leo siwezi.

Eufrasia


Kharumwa
27 Julai 2025

Eufrasia,

Ndiyo. Vilikuwa na zebaki. Nilipaswa kuandika neno hilo mwezi wa nne, ulipouliza mara ya kwanza.

Leseni wameichukua. Si kwa ajili yako, walikuta mengine.

Jumapili iliyopita nilikwenda Nkome. Nilibeba mchele, na yule mbuzi Wema nilimpakia nyuma ya gari. Mama mdogo alinitolea kiti uani, kati ya dagaa walioanikwa, akaniletea maji. Nilisalimia kwa sauti ili Mama asikie. Mlango ulikuwa wazi nusu, na nilikiona kiganja chake kwenye fremu, kinatetemeka.

Hakutoka. Aliuliza kutoka ndani nimekuja na nani.

Nikasema nimekuja peke yangu.

Akasema basi nirudi nyumbani.

Mihayo